Kufuli, Mifugo na Pipa

Mpendwa mama mkwe,

Miaka ishirini na zaidi tuliishi bila kusemezana, na hatukuwa tumekosana. Mgeni akisikia hivyo atashangaa, lakini wewe unajua. Kwetu Wabukusu mwanamume hamtazami usoni mama aliyemzaa mke wake, hali naye chakula pamoja, wala hataji jina lake. Ukisikia kengele ya baiskeli yangu uliingia ndani ya mahindi ukasimama huko mpaka nipite. Mimi nami nikiona kitambaa chako cha kichwa mbele yangu njiani nilishuka, nikajifanya natazama mnyororo. Tuliheshimiana kwa kukimbiana. Sasa umelala Sirisia, huu mwezi wa nne, na sijui desturi inayomkataza mkwe kuandika.

Ninaiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu kosa langu nililifanya mbele ya watu. Muda wote huo watu wa Saboti na wa Sirisia wamenisifu kwamba mimi ndiye niliyeokoa ng'ombe wao siku Bwana alipouza shamba. Mimi sikuokoa hata ndama. Aliyewaokoa ni wewe, na aliyekaribia kuwapoteza ni mimi. Nimelimeza neno hili miaka mingi na limekataa kushuka.

Barua itasomwa na wasiokujua, kwa hivyo univumilie nikieleza mambo unayoyajua kunishinda.

Nilikuwa karani wa shamba la Mwingereza mmoja, tuliyemwita Bwana, upande wa Saboti, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kitale. Kazi yangu ilikuwa kuita majina asubuhi, kuandika barua, na kuwatafsiria watu maneno ya Bwana. Nilikuwa nimesoma misheni miaka minne. Nilikuwa na kamusi niliyoinunua Kitale kwenye duka la Mhindi, na kofia, na kichwa kilikuwa kimenivimba hata kofia ikanibana. Nani angeniambia nini?

Wewe ulikuwa mjane. Marehemu mume wako alikuleta kutoka Sirisia, Bwana akawapa mahali pa kulima na kuchunga, nanyi mkamfanyia kazi. Ndivyo walivyoishi maskwota wote. Alipofariki ulibaki na ng'ombe saba na mabinti wawili, na mmoja wao, Nekesa, akawa mke wangu. Kazi yako ilikuwa nyumbani kwa Bwana, kufua, kupiga pasi na kupangusa. Kizungu hukukijua. Ulijua tu majina ya vitu ambavyo mkono wako ulivishika, basi. Nekesa alinisimulia jinsi ulivyorudi kila Jumamosi ukinuka mafuta ya bunduki, kwa sababu Jumamosi Bwana aliteremsha ukutani gobori la babu yake, akalifungua vipande vipande pale barazani, nawe ukasimama na kitambaa. Alinyoosha mkono bila kukutazama, akataja kipande, ukampa. Nilipoambiwa hayo nilicheka. "Kumbe mama naye ameandikwa jeshi?" nikamwambia Nekesa. Yeye hakucheka.

Ilikuwa miaka ile ya nzige. Walikuwa wamekula mahindi misimu miwili, na Bwana alikuwa amechoka, anataka kwenda kwao. Siku moja, kabla jua halijafika utosini, alituita sote mbele ya stoo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, leta, peleka, upesi, kwa hivyo habari nzito alizitoa kwa Kizungu, nami nikasimama kwenye ngazi ya stoo niwagawie watu. Alisema amepata mnunuzi, na kwamba shamba analiuza lock, stock and barrel. Maneno hayo matatu aliyatamka mbiombio kama neno moja. Kisha akageuka akarudi nyumbani kunywa chai.

Mama, sikuwa nimewahi kuyasikia yakiwa pamoja. Moja moja niliyajua sana. Lock ni kufuli, na kufuli lilikuwa linaning'inia nyuma yangu mlangoni pa stoo. Barrel ni pipa, na pipa lilikuwa pale mbele yetu, lile la maji lililovutwa na maksai kutoka mtoni, ambalo kila nyumba ilichota. Na stock ni mifugo, nani hakujua? Polisi wa Kitale wakimkamata mwizi wa ng'ombe, hilo ndilo neno waliloandika. Nikajipiga kifua, nikapaza sauti.

"Bwana ameuza shamba. Ameuza kufuli, mifugo na pipa!"

Kisha Mzee Wafula, aliyekuwa na ng'ombe wengi kutushinda sote, akauliza polepole, "Mifugo ya nani?"

"Mifugo. Hakubagua."

"Hata yangu?"

"Mzee, si iko kwa shamba yake?"

Hapo ndipo vilio vilipoanza. Mtu mmoja akauliza kwa nini Bwana mzima ataje kufuli kwanza kabla ya ng'ombe. Nilimjibu bila kupepesa kwamba mwenye kufuli ndiye mwenye vyote vilivyofungiwa, na hiyo ndiyo lugha ya sheria. Mwingine akauliza kama maji nayo tutaomba kwa mwenye pipa mpya. Nikasema itabidi. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pipa, umetupa mgongo, shuka umejifunika mpaka kichwani, kama ilivyokupasa mkweo anapohutubia. Kunijibu hukuweza. Kwa hivyo ulilijibu pipa. Ulilipiga kofi moja, likalia, kila mtu akageuka.

"Wewe pipa," ukasema, "ambia huyo mkwe wangu ati wewe hujauzwa. Hata kufuri haijauzwa. Bwana anasema bunduki, si ng'ombe. Stoki ni ile kitako ya bunduki, ile inakaa kwa bega. Mimi nimeipanguza na hii mikono yangu kira Jumamosi."

Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Hofu ikikaribia kumshinda mtu, hucheka upesi. Mzee Wafula akainama akaliwekea pipa sikio, akauliza, "Na pipa inasema aje?" Kicheko kikazidi. Mimi nilishikwa na haya, na haya ya kijana mwenye kofia mpya ni kitu kibaya. Nikaliambia pipa nami, mbele ya wote:

"Pipa, mwambie mama, kupangusa bunduki si kusoma Kizungu. Karani hapa ni nani?"

Nilikuwa sijawahi kukutumia neno lolote, na la kwanza likawa hilo. Nikilikumbuka masikio yananichoma hata leo.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu la kuvunjika lilikuwa la watu wote. Wanaume waliamua kuondoka na ng'ombe alasiri ileile, kabla mnunuzi hajafika, wawapitishe Kimilili na Chwele hadi Sirisia. Nani hakujua hatari yake? Ng'ombe hakutoka kwenye mashamba ya wazungu bila cheti cha daktari wa mifugo. Akikamatwa njiani bila cheti anachukuliwa, na mwenyewe analala ndani. Isitoshe, skwota aliyeondoka bila ruhusa hakuwa na mahali pa kurudi. Lakini niliwaambia ng'ombe wameshauzwa, basi wakaona heri kuwapoteza wakijaribu. Tafsiri yangu ilikuwa inawapeleka polisi, wao na ng'ombe wao, kwa miguu yao wenyewe.

Kwa hofu ya wezi tulikuwa na zizi moja kubwa lenye mlango mmoja. Walipofika na fimbo zao walikukuta umekaa chini pale mlangoni, umenyoosha miguu kama mwanamke aliyekaa matanga.

"Mama Nekesa, toka hapo, jua inaenda," Mzee Wafula akasema.

"Si mpite juu yangu."

Hakuna aliyethubutu. Kuruka miguu ya mwanamke aliye rika la mama yako ni kujiitia laana, na ulilijua hilo vizuri ulipoinyoosha.

"Sikia, wee Wafula. Ng'ombe yangu saba iko hapa ndani. Mimi ni mjane, sina ingine. Kama mimi ni muongo, si mimi ndio nitaria wa kwanza? Tuma huyo karani arudi kwa Bwana aulize. Kuuliza haivunji mtu mguu."

Mimi nilikuwa nimesimama mbali kando ya migomba, nisikukaribie, heshima ya ukwe ikinisaidia kuficha woga. Maana kumuuliza Bwana ilikuwa kukiri kwamba sikumwelewa, na karani asiyeelewa ni karani wa nini? Ningeweza kumwaga unga siku ileile. Kama mngeniachia ningekaa pale hadi jua lizame. Nilikwenda kwa sababu Wafula alinishika kola akanisukuma. Hata kwa hilo sitajipamba.

Bwana alikuwa barazani. Nilimuuliza kama ile stock ni ng'ombe wa watu. Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Akaingia ndani akatoka na gobori, akalilaza mezani, akaligusa mahali patatu. Huu mtambo wa chuma, wenye jiwe la kupiga cheche na kuwasha baruti, ndio lock. Huu mti unaokaa begani ndio stock. Na huu mtutu unaotoa risasi ndio barrel. Akanieleza kwamba ukiwa na hivyo vitatu una bunduki nzima, na ukikosa kimoja una kuni au chuma tu. Ndiyo sababu Mwingereza akitaka kusema kitu chote, bila kubakisha hata msumari, huyataja hayo matatu. Alikuwa anauza shamba lake zima, nyumba, plau na maksai wake.

"Na ng'ombe za watu?" nikauliza tena.

"Mimi nauza yangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Yenu hapana yangu."

Sikuthubutu kumuuliza kama sisi watu wenyewe tulikuwa ndani ya hicho chote.

Kitako kinachokaa begani. Neno lako lilelile, mama, nami nilikuwa nimelicheka. Wewe uliyajifunza maneno hayo kwa vidole, kimyakimya, ukimpa mtu asiyekutazama. Mimi niliyasoma moja moja kwenye kamusi na nikadhani nimeyamaliza. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na siku ile niliambiwa kweupe nikakataa kusikia.

Nilirudi mbio. Njiani nilikuwa nimejiandaa kusema, "Mama alisema kweli." Maneno matatu tu, hayazidi yale ya Bwana. Nilipofika, wanaume wote wakiniangalia na fimbo mkononi, kinywa changu kikasema mengine. "Nimeongea na Bwana. Alitaka kuuza ng'ombe zenu kweli. Nimemwambia hiyo si haki. Amekubali kuziacha."

Hiyo haikuwa tafsiri mbaya tena, ilikuwa uongo. Na tazama ulivyofanya kazi. Ikiwa Bwana alitaka kuwauza kweli, basi kufuli lilikuwa kufuli na mifugo ilikuwa mifugo, karani alikuwa sawa tangu mwanzo, na mjane aliyezungumza na pipa alikuwa anapayuka. "Huyo ndio karani, bana!" walipiga kelele, wakaninyanyua juu kofia ikaanguka. Wewe uliinuka, ukapangusa vumbi, ukaingia zizini kukamua, maana viwele vilikuwa vimejaa. Hukusema neno, hata kwa pipa.

Toka siku hiyo wakakubandika jina, Mama Bunduki. Ukipita sokoni Saboti walikuuliza stoki iko wapi leo. Ukienda kisimani walikuuliza kama umeoga na mafuta ya gobori. Nilisikia. Mara nyingine nilikuwepo, nikashuka kwenye baiskeli nikatazama mnyororo.

Nikuambie ninachokistaajabia kwako, maana nafasi sikuipata ulipokuwa hai. Si akili peke yake, ingawa akili ulikuwa nayo. Ni kwamba ulijua unachokijua. Karani mwenye kofia alikupinga, wanaume wakakucheka, nawe hukusema labda. Ulikaa chini mlangoni na ng'ombe wako saba nyuma yako kama rehani ya neno lako. Mimi nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu, Kitale hata Bungoma, ofisi za serikali na za kanisa, na sijaona mmoja anayeweza kuweka vyote alivyo navyo nyuma ya neno moja analolijua. Wengi wetu tunajua maneno elfu na hatuwezi kukalia hata moja.

Miaka baadaye amri ilikuja ya kuondoa ng'ombe wa maskwota mashambani, na amri hiyo haikuhitaji mtafsiri. Tulipewa vyeti, tukaondoka mchana kweupe, na ng'ombe wa Saboti wakaingia Sirisia kwa njia halali. Saba wako walikuwa wamezaana. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa ulimtuma Nekesa na mtamba mwekundu, ukasema ni wa mjukuu, baba yake asije akamtafsiri. Nekesa alinifikishia utani huo akiwa ameinamisha macho, nami nikadhani ni utani tu.

Desturi yetu ina mlango wa kutokea. Mkwe akishakuwa mtu mzima anampelekea mama mkwe mbuzi na blanketi, wanapeana mikono mbele ya watu, na mwiko unaisha. Wanaweza kuongea kama mama na mwana. Mara mbili ulinitumia ujumbe. "Ambia mkwe wangu nimezeeka, arete hiyo mbuzi tusarimiane." Mara ya kwanza nikasema mbuzi amekonda. Mara ya pili nikasema mvua imeharibu njia. Ukweli ni kwamba nilijua siku nikikushika mkono neno la kwanza litakuwa lile, na sikuwa tayari kulisema. Blanketi lilinunuliwa, mama. Limekunjwa kwenye sanduku langu mpaka leo.

Tulipokuzika Mzee Wafula alisimama kwa fimbo yake, sasa haoni vizuri, akasema marehemu amebahatika kupata mkwe aliyeokoa ng'ombe wa watu. Kisha akaongeza, kwa upendo, kwamba Mama Bunduki sasa atawafundisha malaika Kizungu. Watu wakacheka kando ya kaburi lako. Nami nilikuwa pale, kofia mkononi, kinywa kimefungwa. Kama kuna siku niliyojichukia maishani ni ile. Mzee Wafula, nawe utasomewa barua hii: aliyeokoa ng'ombe wako ni yeye. Alisema kweli tangu neno la kwanza, na mimi ndiye niliyedanganya.

Leo asubuhi, kabla ya kuipeleka, nilimsomea Nekesa yote. Alikuwa anachambua kunde, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Yote. Mama aliniambia. Kesho yake Bwana alikucheka wewe, akampa mama ile kitako ashike, akamwambia karani wake ni mjinga ya stoki."

Nilimuuliza kwa nini hakunena, miaka yote hii, mama yake akichekwa sokoni. Aliweka ungo chini.

"Alinikataza. Aliniambia, mwanangu, wanaume wa Saboti wakimcheka huyo bwana yako atakuja kumaliza hasira kwa nyumba yako. Wacha wanicheke mimi. Mimi niko na mgongo mpana."

Mama, kicheko kile kilikuwa changu. Nimekuja kukichukua.

Lala vyema.

Mkweo, mume wa Nekesa